Kipande cha Reli Chini ya Mwembe

Kwetu Katoto, Kamina, mbele ya karakana yetu ya useremala pana mwembe, na katika tawi la mwembe huo kinaning'inia kipande cha reli kilichofungwa kwa mnyororo. Urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima. Mgeni akipita asubuhi na kukisikia kikilia, huuliza: "Je, hapa ni shule?" Twamjibu: "Hapana, hapa ni maseremala tu." Naye hucheka, kwa kuwa hajaona watu wazima wenye ndevu wakiitwa kwa kengele kama watoto wa darasa la kwanza.

Leo twataka kuwaeleza habari ya kengele hiyo: jinsi ilivyotukusanya, jinsi tulivyoinyamazisha sisi wenyewe, na hasara iliyotupata. Labda wapo wasomaji wenye karakana, duka, shamba au chama cha kazi ambao watafaidika. Maana kosa la mwenzako ni shule isiyodai ada.

Kamina ni mji wa reli. Mwaka 1928 njia ya treni iliyotoka Bukama na kupita hapa kwetu ilifika Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui wakati ule. Mwaka 1956 njia nyingine iliyoanzia Kamina ikafika Kabalo. Wazee wetu wengi waliishi kwa saa ya kazi. Walijua sauti ya kuamka, sauti ya kuingia kazini, siku ya posho na siku ya mshahara. Mzee aliyeanzisha karakana yetu alikuwa mmoja wao. Alipostaafu alikusanya vijana wachache, akanunua randa na misumeno, akatundika kipande kile cha reli kabla hata paa halijaezekwa. Hapa twamwita Mzee tu. Hakupenda jina lake litajwe alipokuwa hai, nasi twamheshimu vivyo hivyo sasa.

Mzee alikuwa na desturi tatu.

Ya kwanza ni ya asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu kipande cha reli hupigwa mara tatu. Watu wote husimama kwa duara chini ya mwembe, hushikana mikono mmoja baada ya mwingine, bila kumruka mtu. Kisha kila mmoja husema maneno matatu: kazi yangu ya leo ni hii, kinachonipungukia ni hiki, kilichoharibika ni hiki. Mwanafunzi mdogo kuliko wote ndiye husema kwanza, na Mzee mwisho. Tulipomwuliza kwa nini mdogo atangulie, alisema: "Mkubwa akisema kwanza, wadogo watasema aliyoyasema mkubwa." Baadaye tulisikia kwamba Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake kanuni katika karne ya 6, aliagiza kwamba kukiwa na jambo kubwa waitwe wote kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Mzee hakuwa amesoma kanuni hiyo. Alifundishwa na kazi.

Ya pili ni ya Jumamosi. Saa sita mchana kazi husimama. Kila fundi hunoa patasi zake na kupaka misumeno mafuta. Sanduku la fedha huletwa nje, hufunguliwa mbele ya macho ya wote, na daftari husomwa kwa sauti: mlango huu umelipwa, kitanda kile bado, mbao zimegharimu kiasi hiki. Kisha twala bukari na sombe na samaki kwa sahani moja. Tukiisha kula, kila mtu hutaja kosa lake la juma lile, na siku hiyo Mzee ndiye huanza. Twakumbuka alivyosema mara moja: "Nimepima mlango wa mama mmoja mara moja tu. Umepungua upana wa vidole viwili. Ubao umepotea, na gharama ni yangu." Basi nani kati yetu angeona haya kusema lake, ikiwa fundi mkuu ametoa lake?

Ya tatu ni ya mgeni. Mwanafunzi anapoingia, kazi yake ya kwanza si meza wala kiti. Huchonga mpini wa nyundo yake mwenyewe. Mpini ukiisha huzungushwa katika duara, kila mmoja huushika kidogo, kisha humrudia mwenyewe. Tangu saa ile yeye ni mwenzetu, nasi ni kaka zake, hutuita "yaya".

Msidhani tulizipenda desturi hizo. Wakati wa baridi tulinung'unika tuliposimama chini ya mwembe. Tulisema Mzee amezoea mambo ya reli na anatuchezesha treni. Tulizifuata kwa sababu yake, bila kujua faida yake.

Mzee alifariki. Tulilia, tukamzika, tukamchagua mmoja wetu awe kiongozi. Ni mtu mwema na fundi hodari, na hata leo ndiye kiongozi wetu. Miezi michache baadaye tulipata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: madawati 120 ya shule, kwa majuma sita. Kiongozi wetu akachukua kalamu, akasema: "Dakika kumi za watu kumi na wawili ni saa mbili. Kila siku twatupa saa mbili chini ya mwembe." Hesabu ilikuwa sahihi. Tukanyamazisha kengele, nasi tukafurahi, kwa maana tuliona tumeheshimiwa kama watu wazima.

Kisha chakula cha Jumamosi kikaachwa, kwa sababu madawati hayangoji. Kisha sanduku likafunguliwa chumbani, na mtu mmoja tu. Hakuiba hata franka moja, twashuhudia hivyo. Lakini jambo lisiloonekana huzaa minong'ono. Mmoja alisema mbao zimeandikwa bei ya juu. Mwingine alisema fulani amepata zaidi. Watu waliokula sahani moja wakaanza kula kila mtu pembeni pake.

Tuna msumeno wa mashine unaoendeshwa kwa jenereta. Juu yake kuna kifuniko cha chuma cha kulinda mikono. Jumatatu ya juma la nne kifuniko hicho kililegea. Aliyekiona kwanza alikifunga kwa waya ili amalize kazi yake. Wa pili aliuona waya, akadhani kiongozi anajua. Wa tatu alikaza waya. Wa nne aliambia rafiki yake njiani kwenda nyumbani. Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi, waya ulikatika. Mwanafunzi wetu, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa akisukuma ubao. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mmoja wetu akimshika nyuma. Usiku ule tulikaa chini ya mwembe bila kuitwa na kengele. Mtu mmoja akauliza: "Nani alijua?" Mikono ikainuka, mmoja mmoja. Tulihesabu saba. Watu saba tulijua, na hakuna hata mmoja aliyenyamaza kwa ubaya. Kila mmoja alingoja mahali pa kusema, na mahali hapo tulikuwa tumepafunga sisi wenyewe, ili tupate faida ya saa mbili.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo tulilojifunza, nalo tulilinunua kwa vidole vya mtoto wa watu. Tulidhani desturi ya asubuhi ni pambo la kazi. Kumbe ilikuwa chombo cha kazi, kama randa na msumeno. Kazi yake ni kuleta neno dogo mbele ya watu kabla halijawa neno kubwa. Mwanafunzi haendi kumgonga kiongozi mlangoni na kusema: "Baba, kifuniko kimelegea." Anaogopa, tena ana kazi mkononi. Lakini akiulizwa kila asubuhi, "Nini kimeharibika?", atasema bila kuhitaji ushujaa, kwa kuwa ni zamu yake.

Baada ya ajali kiongozi wetu alirudisha kengele, lakini aliirudisha kwa hofu. Alileta daftari la majina. Aliyechelewa alitozwa faini. Akatunga na maneno ya kusema kwa pamoja, ya kusifu kazi na usalama, nasi tuliyapaza kama kasuku. Juma la pili mzee jirani alisimama kando ya njia, akatutazama, akatikisa kichwa. Yeye alikuwa mfanyakazi miaka ya 1970, nchi yetu ilipoitwa Zaire. Alitukumbusha jinsi wafanyakazi na wanafunzi walivyopaswa kuimba na kucheza kwa sifa za chama kimoja na za Rais Mobutu kabla ya kazi, na jinsi watu walivyoitwa kufagia njia na kuzibua mifereji kwa kazi ya lazima iliyoitwa salongo. "Tulicheza vizuri sana," alisema. "Miguu ilicheza. Mioyo ilikuwa nyumbani." Mwaka 1997 utawala ule ulianguka, na nyimbo zile zikanyamaza pamoja nao.

Maneno yake yalituchoma. Duara letu lilikuwa lilelile, saa ileile, mwembe uleule. Tulikosa nini?

Tulipata jibu Jumamosi moja. Kiongozi wetu alileta sanduku nje bila kuombwa, akalifungua, akamwomba mwanafunzi asome daftari. Kisha akasimama, akasema: "Usiku ule mlihesabu saba. Hesabu haikuwa sahihi. Mimi ni wa nane. Niliuona waya Jumanne. Nikasema moyoni, tumalize madawati kwanza." Hakusema zaidi. Tulikaa kimya muda mrefu. Kijana mwenyewe alikuwapo, mkono wake ukiwa bado katika bandeji. Mwisho yeye ndiye aliyesema: "Asante, baba. Sasa nitarudi kazini."

Tangu siku ile hakuna faini wala maneno ya kasuku. Watu huja. Tuliona wazi kwamba desturi hupata nguvu siku ile inapomfunga mkubwa kama inavyomfunga mdogo. Ikiwa mkubwa yu juu ya duara, wote watakuwa nje ya duara, hata wakisimama ndani.

Msidhani hayo ni mambo ya maseremala wa Katoto peke yao. Miaka ile Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha fupi ya kufuatwa katika chumba cha upasuaji. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla hajapasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani, kazi husimama kidogo. Watu wote hutaja majina yao na kazi zao. Huhakikisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasua. Kila mmoja husema anachokihofia. Orodha hiyo ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali za miji minane duniani, tangu London na Seattle mpaka Ifakara, Tanzania, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Habari zake zilitangazwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, wagonjwa 15 katika kila 1,000 walikufa. Baada yake, 8. Waliopata madhara walipungua kutoka 11 katika kila 100 mpaka 7. Madaktari walikuwa na elimu yao tangu zamani. Kilichoongezeka kilikuwa dakika chache za kusimama pamoja, na ruhusa ya muuguzi kumwambia daktari: "Ngoja kidogo."

Lakini sikieni na upande wa pili. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilitakiwa kuifuata orodha hiyo na kutoa taarifa. Mwaka 2014 watafiti walitangaza hesabu za hospitali 101. Karatasi zilionyesha kwamba karibu kila mahali orodha inafuatwa. Hata hivyo vifo havikupungua kiasi cha kuhesabiwa. Wapo walioeleza kwamba kuweka alama katika karatasi ni jambo moja, na kusema kweli mbele ya wenzako ni jambo lingine. Sisi tuliposikia hayo tulitazamana, tukacheka kidogo. Sisi tulikuwa tumejaribu yote mawili chini ya mwembe mmoja.

Watu wengine hutuuliza: "Je, maneno yaleyale kila siku hayachoshi?" Huchosha, tusidanganyane. Lakini hapa Kamina tuna mfano mzuri wa kujibu. Mwaka 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika hapa, akaanzisha kwaya ya watoto wa shule na walimu wao, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 Missa Luba yao iliimbwa katika misioni ya Kamina, na mwaka huohuo walikwenda Ubelgiji na kuimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Maneno ya Misa yalikuwa yaleyale ya Kilatini yanayojulikana duniani kote. Hayakuguswa. Lakini sauti, ngoma na mapigo vilitoka kwa watu wa huku, na waimbaji waliweza kubuni papo hapo. Basi desturi njema ndivyo ilivyo: mifupa yake haibadiliki, bali nyama yake ni ya siku ile. Maswali yetu ya asubuhi ni matatu siku zote. Majibu ni mapya kila siku, kwa maana kila siku kuna kitu kinachoharibika.

Tena desturi yaweza kuzaa nyingine. Yule kijana aliporudi alitukataza kumpa kazi ya huruma. Alisema: "Nina vidole vinane. Nipeni kazi ya vidole vinane." Leo anapiga randa na kupaka vanishi, tena ndiye mwandishi wa daftari. Yeye ndiye aliyetaka kwamba kila Jumatatu, kabla jenereta haijawashwa, kila mtu apite na kukitikisa kifuniko cha msumeno kwa mkono wake. Twapita kumi na wawili, mmoja mmoja. Hakuna anayesema kitu wakati huo, wala hakuna anayeona kwamba dakika zinapotea.

Neno moja lazima tuliseme kwa nguvu, maana wako wakubwa wa kazi watakaofurahi mno kusoma habari hii. Desturi si mshahara. Mtu asiyelipwa miezi mitatu, ukimwita asubuhi mshikane mikono, mkono wake utakuwa baridi, naye ana haki. Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Mzee wetu alifungua sanduku kwanza, kisha akapakua bukari; hakupakua bukari ili watu wasahau sanduku. Anayetaka kutumia nyimbo na chakula kufunika deni lake, heri aache, kwa sababu watu wake watachukia hata nyimbo.

Ikiwa mwataka kuanza, anzeni na jambo dogo ambalo mwaweza kulifanya hata siku ya mvua, hata siku ya kazi nyingi. Hasa siku ya kazi nyingi, maana siku hiyo ndiyo kifuniko hulegea. Mdogo na aseme kwanza. Hesabu ya fedha iwe mbele ya macho ya wote. Na mkubwa atoe kosa lake kabla hajaomba la mwenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha msichoke upesi. Juma la kwanza watu watacheka. Mwezi wa tatu wataanza kusema.

Nasi bado tuna deni. Vidole viwili havirudi. Kila mwezi fungu la kijana hutolewa katika sanduku kabla ya mafungu yetu, na hakuna aliyeweka mwisho wa kulitoa. Tulipozungumza kama habari hii iandikwe, yeye ndiye tuliyemwuliza kwanza. Alikubali kwa sharti moja: tusiandike kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Basi tumeandika ilivyokuwa. Kesho saa kumi na mbili na nusu kipande cha reli kitapigwa mara tatu. Mwanafunzi mpya aliyeingia mwezi uliopita atasema kwanza. Juzi alisema kwa sauti ndogo kwamba ngazi ya ghalani ina kipago kilichopasuka. Sote tulikuwa tumeipanda ngazi hiyo. Tuliitengeneza kabla ya kushika kazi nyingine.